Mapazia ya Arnfrid

Wifi yangu Arnfrid anaweza mengi, ila kupogoa hawezi. Nalisema mapema lisije likanikaba koo. Samaki anampasua na kumtoa miiba kabla wewe hujamaliza kuvaa glavu, maana kazi yake yote aliifanya kwenye kiwanda cha samaki pale gatini. Sweta anafuma huku anatazama habari. Akikugombeza, unagombezeka. Lakini vichaka vya ripsi havikuwa vyake, vilikuwa vya mume wake, kaka yangu Ingebrikt. Katika nyumba ile kila mtu alikuwa na mipaka yake: jikoni Arnfrid, bustanini Ingebrikt, na mimi Oddlaug upande wa pili wa uzio, nikiwaona wote wawili kutoka dirisha langu la jikoni.

Hapa Bjørkneset hakuna nyumba isiyo na ripsi. Ni vichaka vya kukufika kifuani, na ukiingia mwezi wa nane vinaning'iniza vichala vya matunda madogo mekundu, machachu hadi jicho linafumba lenyewe. Wengi wetu tuna viwili vitatu, tunapika jeli ya kulia nyama ya kondoo, mambo yanaishia hapo. Ingebrikt alikuwa na saba. Alivipanda mwaka alioacha meli, akavitunza kuliko alivyowahi kulitunza gari lake. Mwezi wa tatu, theluji bado magotini, utamwona anavizunguka na mkasi wake, anakata kitawi, anarudi nyuma, anakuna kichwa, anakata kingine. Na bakuli la kwanza la mwaka alilila palepale kichakani, amesimama, sukari juu, maziwa juu ya sukari, na ole wako umsemeshe.

Kisha mwezi wa pili mwaka juzi akaenda bandani kuchukua kuni, hakurudi. Arnfrid alimkuta chini, magogo yamemzunguka. Kiharusi. Upande wa kulia wote ulikufa ganzi, na maneno yakamtoka. Hospitali walikaa naye wiki chache, wakampeleka nyumba ya wazee ya halmashauri, juu kule karibu na kanisa. Walisema ni kwa muda. Sisi wa hapa tunaijua hiyo kwa muda yao. Wengi walioingia kwa muda, waliowatoa ni mchungaji na wabeba jeneza.

Kaka yangu alilala kule ameelekea ukutani. Ukimwongelesha hakutazami. Chakula anakula kwa sababu kijiko kimefika mdomoni, si kwa sababu anataka. Mimi nilikwenda mara mbili nikarudi nalia njia nzima, na mimi si mtu wa kulia.

Asubuhi moja ya mwezi wa tatu Arnfrid akamwambia, katika kumwambia mambo ya nyumbani tu, kwamba leo akirudi anaenda kuvipogoa vile vichaka vya ripsi. Ingebrikt akageuza kichwa. Kwa mara ya kwanza tangu kuanguka, akamtazama mkewe usoni, akaupapasa mkono wake kwa ule wa kushoto, akaubana. Wifi yangu alirudi nyumbani hata kofia hakuivua. Alichukua mkasi akaingia bustanini.

Sasa, mama yake Arnfrid, kule kwao ndani bondeni, alikuwa na ripsi nyeusi. Nyeusi inazaa kwenye tawi changa. Kwa hiyo ile unakata matawi yote makongwe mpaka chini, unaacha machanga, na inakushukuru. Nyekundu ni kinyume chake kabisa. Nyekundu inazaa kwenye tawi kuukuu lenye makovu na vifundo, na tawi changa linataka mpaka kiangazi cha tatu ndipo likupe kitu cha kuweka bakulini. Basi nilipotoka kumwaga majivu nikamwona wifi kasimama kando ya lundo la matawi meusi, manene, yamejaa vifundo, naye anajifuta jasho na uso wake unang'aa. Sikumwona aking'aa hivyo tangu msiba ulipoingia.

"Wifi," nikamwita, "umefanya nini?"

"Nimepogoa. Mama alipogoa hivi hivi."

"Mama yako alikuwa na ripsi nyeusi, Arnfrid."

Aliutazama mkasi. Akalitazama lundo. Kisha akaketi kwenye theluji kama alivyo, na mimi nikaruka uzio, na magoti yangu haya, nikaenda kuketi naye. Nilitaka kumgombeza, nakuambia kweli, ulimi ulikuwa unaniwasha. Vichaka sita vilikuwa vimebaki vijiti vya kukolezea moto.

Kilichopona ni cha saba, kile cha nyuma ya banda, upande usiopata jua. Theluji ya paa ilikiangukia ikakizika chote, hakukiona. Ingebrikt mwenyewe alikuwa akikiita mvivu, kwa sababu kilichelewa kuiva kuliko vyote.

Nilimshauri akamweleze mumewe ukweli. Akanitolea jicho. Akasema yule mtu amegeuza kichwa kwa ajili ya vichaka vyake, si kwa ajili yangu mimi dada yake wala yeye mkewe, na akiambiwa vimekwisha atageukia ukuta tena na safari hii hatageuka. Na mimi niliona vilevile.

"Atakuja kuzila mwenyewe," akasema. "Hapa, amesimama."

"Za kichaka kimoja?"

"Kwani ana vinywa vingapi?"

Tangu siku ile wifi yangu alijifunga kibwebwe. Kule kwenye nyumba ya wazee walikuwa wamempa Ingebrikt mpira wa sponji aufinye kwa mkono mbovu. Hakuufinya. Walimwekea kiganjani, ukaanguka, wakaokota, ukaanguka. Arnfrid akaenda nyumbani, akauchukua ule mkasi wa kupogolea, akazungushia makali yake utepe wa bluu wa kiwandani, tabaka juu ya tabaka, mpaka ukawa hauwezi kukata hata siagi. Akamwekea. Wauguzi wakamjia juu, eti chombo cha bustani hakiruhusiwi kitandani. Akawauliza ni nani kati yao aliyemfanya mgonjwa afinye ule mpira. Mkasi ukabaki.

Ule mkasi una springi ngumu, mimi mwenyewe sipendi kuukaza. Arnfrid alivikunja vidole vya mumewe kimoja kimoja kwenye mpini, akavifunika kwa mkono wake, wakakaza pamoja, wakaachia, wakakaza. Kila siku. Akimpumzisha, anamweleza ripsi: leo zimetoa majani, leo maua, leo vitunda vya kijani kama vichwa vya pini. Hakudanganya hata neno moja, alikuwa anakieleza kichaka kimoja tu bila kusema ni kimoja. Kufikia katikati ya kiangazi vidole viwili vya kaka yangu vilikuwa vinakaza vyenyewe.

Mwezi wa nane akaja Silje, binti wa halmashauri anayeamua nani arudi kwake na nani abaki. Si mtu mbaya. Alieleza waziwazi kwamba Arnfrid hawezi kumbeba mwanamume mzima, kwa hiyo Ingebrikt ataruhusiwa akiweza mambo matatu: kuinuka kitini mwenyewe, kufika mlangoni na kile kigari cha kuegemea, na kufungua kitasa kwa mkono wa kulia, maana wa kushoto ndio unaoshika kigari. Mtu asiyeweza kufungua mlango, alisema, nyumba ikiwaka moto anabaki ndani. Kuinuka aliinuka. Kufika alifika. Kitasa kikamponyoka, na tena, na tena. Silje akaandika tarehe nyingine mwezi wa kumi, akasema taratibu kwamba hiyo ndiyo ya mwisho, baada ya hapo chumba kile kitakuwa chake moja kwa moja.

Arnfrid alipita kwangu akitoka huko. Sikumpa pole, angenirushia kikombe. Akanywa kahawa yake yote, akasema, "Basi zitamsubiri mpaka mwezi wa kumi."

Nikamwambia ana wazimu. Ripsi za watu wote zilikuwa jikoni tayari, kijiji kizima kinanuka sukari inayochemka. Na ndege walishafika, wale wa kijivu wanaokuja kundi zima, wanatua kwenye kichaka asubuhi, na saa ya chai hakuna kilichobaki isipokuwa vijiti vya vichala. Wifi alikwenda sebuleni kwake, akapanda kwenye kiti, akayashusha mapazia yote. Yale mazuri, ya maua, aliyoyashona mwenyewe. Akaongeza na ya chumbani. Akatoka nayo bustanini, akakifunika mvivu mpaka chini, akakibana kwa vibanio vya kuanikia nguo.

Hilo nililielewa, kufunika ripsi kwa mapazia makuukuu tunafanya wote. Lakini akaendelea. Akavifunika na vile sita vilivyokatwa. Vijiti na vichipukizi vyake vya kupepea, kila kimoja na pazia lake, na vibanio. Nikasimama uzioni nikamuuliza anawaficha ndege nini humo, vijiti? Akasema ndege hawamhusu. Barabara ya kanisani inapita palepale, na watu wa Bjørkneset wanakwenda kumtazama Ingebrikt kila Jumapili. Mpaka sasa hakuna aliyetazama kichaka kisicho na matunda, lakini mwezi huu kila jicho linayatafuta; mmoja akiona vile visiki, jioni habari imefika kitandani. Akikuta mapazia saba, atasema tu ripsi zimefunikwa.

Mimi nikaona anamtesa kaka yangu. Mtu anaumwa, matunda yapo, unayafungia kwenye mapazia? Nikachuma za kwangu, nikatia sukari na maziwa kama anavyopenda, nikampelekea. Arnfrid hakuwepo. Nilikaa kitandani nikamwinulia kijiko. Ingebrikt akakitazama, akanitazama mimi, akafunga mdomo kama mtoto anayekataa dawa. Nikasukuma. Kwa mkono wa kushoto akalisogeza bakuli pembeni, polepole, lisimwagike, akauchukua mkasi wake mezani akaanza kukaza. Kumbe wale wawili walishakubaliana, bila maneno, na mimi ndiye sikuwa nimeambiwa. Nilizila mwenyewe zile ripsi pale pale, kwa hasira.

Mwezi wa tisa upepo wa bahari ulichana pazia la mvivu toka juu hadi chini. Arnfrid akalishona likiwa juu ya kichaka, kwa uzi wa kutengenezea nyavu, mvua inampiga. Matunda yalikuwa yameiva ndani ya kivuli kile, mekundu ya kukolea. Kila siku akifunua upindo anachungulia, anaokota yaliyodondoka, anafunga. Hakula hata moja. Nilimwangalia sana hapo, najua.

Kisha wiki ile ya tarehe yenyewe, Silje akaugua mafua. Ikasogezwa mbele wiki nzima. Na redio ikasema baridi ya kugandisha inashuka. Ripsi ikigandishwa na kuyeyuka inakuwa kifuko cha maji, unaigusa inapasuka. Mchana wa siku ile nilimwona wifi akitoka mlangoni amekumbatia kitu cheupe kikubwa kinachomzidi. Lilikuwa lile duveti lao la manyoya ya bata, la harusi, ambalo hata wageni hatukuwahi kuruhusiwa kulikalia. Akalitandaza juu ya kichaka.

"Na wewe utalala na nini?" nikamuuliza.

"Na soksi."

Halikutosha. Upande wa ukutani ulikuwa wazi. Alilivuta huku likafunuka kule, akalivuta kule, mpaka nikaona midomo inamtetemeka, naye alikuwa hajalia tangu mwezi wa pili. Nikaingia ndani kwangu nikalivua la kwangu kitandani. Tukakifunga kile kichaka wawili, tukapitisha kamba ya mashua, tukaingiza chini chupa mbili za maji ya moto. Nikamwambia kwamba mumewe angetuona sasa hivi angepata kiharusi cha pili. Alicheka mpaka akashika ukuta. Asubuhi majani ya nyasi yalikuwa meupe yote, na ripsi zilikuwa nzima.

Siku ya Silje nilikwenda nao. Ingebrikt aliinuka kitini. Akaja na kigari mpaka mlangoni, mguu wa kulia unaburuza. Akaweka mkono kwenye kitasa, vidole vikafunga kimoja kimoja kama vilivyofundishwa, akakaza. Mlango ukafunguka. Silje, kwa furaha au kwa kutaka hakika, sijui, akampa mkono wake amfinye. Akamfinya. Binti wa watu akaomba aachiwe. Arnfrid alikuwa amesimama dirishani ametupa mgongo, mabega yanapanda na kushuka, na mimi nikajifanya nafunga viatu.

Wakamleta kesho yake. Alishuka garini, akatazama bustani, akayaona mapazia yake saba. Uso ukamfunguka. Arnfrid alikuwa amepanga vizuri: njia ya kwenda nyuma ya banda ameifagia, kiti kipo, bakuli lipo, sukari, maziwa. Akamshika kiwiko amwelekeze moja kwa moja kwa mvivu. Lakini kaka yangu si mtu wa kupita mbele ya vichaka vyake bila kuvisalimia. Alifika kwenye cha kwanza, akasimama, akashika upindo wa pazia kwa mkono wake wa kulia, ule ule aliohangaishwa nao miezi yote, na akakaza.

Pazia likadondoka. Vijiti, na machipukizi membamba yaliyosimama wima.

Nilitamani ardhi inimeze kwa niaba ya wifi. Ingebrikt akaenda cha pili, akavuta. Cha tatu. Hakukimbizwa na mtu, alivuta yote sita, na Arnfrid anamfuata nyuma, bila kumzuia, kama mtu anayefuata jeneza. Kwenye cha sita kaka yangu akageuka akamtazama. Arnfrid akasema, "Ni mimi. Nilidhani ni kama za mama." Hakujitetea, na hakulia.

Ingebrikt akayatazama machipukizi. Akainama, akalishika moja, akalipinda kidogo kuona uzima wake, akaliachia. Midomo yake ikaanza kuhangaika. Miezi minane hatukusikia kwake ila miguno. Mishipa ya shingo ikasimama, na mimi nikajua anamtafutia tusi, na kwa kweli lilikuwa halali yake.

"Tatu," akasema.

Hatukumwelewa. Akaachia kigari, akauinua mkono wa kulia mbele ya uso wa mkewe, ukitetemeka, akakunja kidole gumba kwa shida, akakunja cha mwisho, vikabaki vitatu vimesimama.

"Mwaka. Wa tatu."

Nyumba ya wazee walikuwa wametuambia kwa upole tusitegemee sana kiangazi kijacho. Na huyu anatupangia kiangazi cha tatu.

Arnfrid alivishika vile vidole vitatu vyote kwa mkono wake. "Nimesikia," akasema. "Na usije ukanidanganya." Kisha akampeleka nyuma ya banda, akakifunua kichaka mvivu, na kaka yangu akala bakuli lake amesimama, sukari juu, maziwa juu ya sukari, na hakuna aliyemsemesha.

Hiyo ilikuwa vuli ya mwaka juzi. Mwezi wa tatu uliofuata alipogoa yeye, ameketi kwenye kiti katikati ya theluji, na mkasi umevuliwa utepe. Wifi haruhusiwi kukaribia, anashika ndoo tu. Kiangazi kilichopita, cha pili, vile sita havikuzaa, ila machipukizi yameanza kuota vifundo. Maneno yake yamerudi machache, mengi ya kutulalamikia.

Mapazia bado hayajarudi madirishani. Majira haya ya baridi na giza, kila apitaye barabara ya kanisani anawaona sebuleni chini ya taa, mmoja anafuma, mwingine anakaza na kuachia mkasi mtupu. Nimemwambia Arnfrid ni aibu, atundike kitu, watu wanawaona mpaka sahani wanazolia.

"Waache waone," akaniambia. "Yale nimeyafua nikayakunja. Yana kazi kiangazi kijacho."